Msumeno na Mtu wa Pili

Mtu anayenunua vitabu kuzidi nafasi ya nyumba yake mwisho hugeuka seremala. Mimi nimefika huko. Rafu ya mbao za kweli, ile isiyopinda katikati ukiipangia kamusi na riwaya nene, inauzwa bei inayokukumbusha kodi ya nyumba. Ile ya bei nafuu ni chipbodi, na chipbodi ikikutana na unyevu wa Dar es Salaam inavimba kama andazi. Basi unanunua mbao, unatafuta penseli, unaazima skwea, na kabla hujakata hata kipande kimoja unakutana na swali: nitumie msumeno gani? Wa mkono au wa umeme?

Nimewauliza watu wengi swali hili, na kuna kitu nimekiona. Ukiuliza kuhusu gundi, watu wanakujibu kuhusu gundi. Ukiuliza kuhusu msumeno, wanakujibu kuhusu maisha. Mmoja anakwambia wa mkono ndio useremala wenyewe, hizi mashine ni za wavivu. Mwingine anacheka: yaani karne hii bado mtu anasugua mbao kama babu yake? Kila upande umeficha hukumu ya kimaadili ndani ya ushauri wa vifaa. Mimi nakubaliana nao kwamba jambo hili ni la maadili. Ila naona wote wawili wanayatafuta maadili hayo mahali ambapo hayapo.

Tuanze na chuma chenyewe. Tuna msemo kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wanasiasa wanaupenda sana. Seremala akiusikia anaweza kutabasamu, maana msumeno wake wa kawaida haukati hivyo. Huu tunaouona mikononi mwa mafundi wengi hukata ukisukumwa. Ukivutwa unarudi tu kujipanga. Wa Kijapani ni kinyume, hukata ukivutwa, na kwa kuwa chuma kinachovutwa hakijikunji, bati lake linaweza kuwa jembamba kuliko kadi ya benki. Unaokata kwenda na kurudi kweli ni ule mrefu wa kukatia magogo, wenye mpini kila upande, mtu huku na mtu kule. Nadhani aliyeutunga msemo alikuwa akiufikiria huo: msumeno usiofanya kazi bila mtu wa pili. Nitarudi kwa huyo mtu wa pili.

Halafu kuna meno. Mbao ni nyuzi zilizolala upande mmoja. Ukizifuata nyuzi kwa urefu, mafundi wanasema unapasua, ukizikatiza, unakata. Meno ya kupasulia hunolewa kama patasi ndogo ndogo, kila jino linabandua kipande chake. Meno ya kukatia hunolewa kwa pembe, kama visu. Yote hupindwa kidogo, moja kulia moja kushoto, ili njia ya mkato iwe pana kuliko bati na msumeno usinase. Asiyejua hili hununua msumeno mmoja wa kukatia, anajaribu kupasua nao mbao ya futi sita, na baada ya nusu saa anaapa kwamba misumeno ya mikono ilikwisha enzi zake. Msumeno hauna kosa. Umepewa kazi ya mwenzake.

Sasa mashine. Msumeno wa duara wa kushika mkononi, ule unaouzwa sana, una diski ya upana wa milimita 184 inayozunguka kama mara 5,000 kwa dakika. Piga hesabu: jino moja linasafiri zaidi ya kilomita 170 kwa saa. Basi la mkoani likienda hivyo abiria wanaanza kusali kwa sauti. Kwa mwendo huo mbao haina cha kubisha. Mkato wa jasho unakuwa wa sekunde kadhaa, umenyooka, na wa pili unafanana na wa kwanza.

Mwaka 1968, David Pye, mbunifu wa samani aliyefundisha Royal College of Art kule London, alichapisha kitabu kiitwacho The Nature and Art of Workmanship. Humo alikataa kugawa kazi kuwa ya mkono na ya mashine, maana hata fundi wa mkono hutumia vielekezi, na hata mashine huongozwa na mkono. Mgawanyo wake ulikuwa mwingine: kuna ufundi wa hatari, ambapo kazi inaweza kuharibika wakati wowote na kinachoiokoa ni uangalifu wa fundi, na kuna ufundi wa uhakika, ambapo matokeo yameshaamuliwa na mpangilio wa kifaa kabla kazi haijaanza.

Hatari aliyoizungumzia Pye ni ya kazi. Mimi, nikiwa na mbao mbele yangu, naiona hatari hiyo ikihama kuliko kupotea. Ukishika msumeno wa mkono, kilicho hatarini ni mbao: mstari unapinda, pembe inakataa skwea, kipande cha mwisho kinachanika. Ukiwasha mashine, mstari umetulia, na kilicho hatarini ni wewe. Msumeno wa mkono utakuchana kidole, utafunga kitambaa na kuendelea. Marekani, ambako hesabu hizi hutunzwa, tume ya usalama wa bidhaa imekuwa ikikadiria majeraha ya diski za misumeno ya meza kuwa makumi ya maelfu kila mwaka, na kati yake watu kwa maelfu hupoteza vidole. Uhakika wa mbao umelipiwa na kutokuwa na uhakika kwa mkono.

Hapa ndipo swali langu lilipoanza kubadilika. Kama kila kifaa kina gharama, na gharama haifutiki bali inahamishwa, basi badala ya kuuliza kifaa kipi ni kitukufu, niulize: nani analipa?

Chukua muda. Msumeno wa mkono unakula muda, na muda huo ni wa anayekata peke yake. Mabega ni yake, Jumamosi ni yake. Hakuna mwingine anayetozwa. Tena kuna anachorudishiwa. Unasikia sauti ikibadilika msumeno ukigusa fundo. Ukiwa unakata mvule, unaweza kukutana na jiwe kabisa ndani ya mti, kwa sababu mvule una tabia ya kujijengea vijiwe vya chokaa ndani yake. Mkono unakwambia kabla jino halijaisha. Sisi waandishi wa habari tunaijua hali hii kwa upande mwingine. Mahojiano ya saa moja ukiyaandika mwenyewe kwa kusikiliza unaweza kumaliza siku, lakini unaisikia ile sekunde ambayo mtu alinyamaza kabla ya kujibu. Programu ya kompyuta inakupa maneno yote kwa dakika chache, na ule ukimya haumo. Kuna siku maneno yanatosha. Kuna siku habari yenyewe ilikuwa kwenye ukimya.

Sasa chukua kelele. Ninapoishi, ukuta wangu wa nyuma ni ukuta wa chumba cha jirani yangu, nesi wa zamu za usiku. Mimi nikiwa na muda wa useremala, Jumamosi saa nne asubuhi, yeye ndio kwanza amelala. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye kelele za desibeli 85 zaidi ya saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka muda huo unakatwa nusu. Msumeno wa umeme ukifika desibeli 100, ambayo si ajabu, muda salama unabaki kama robo saa. Mimi ninayeuwasha naweza kuvaa viziba masikio. Nesi hawezi kuvaa asichojua kwamba atakihitaji. Ukuta utapunguza kelele, sawa, masikio yake hayataharibika. Lakini usingizi wake utakatika, na usiku ule ule kuna mgonjwa atakayepimiwa dozi na mtu ambaye hakulala. Huyo mgonjwa naye amelipia rafu yangu, na hata sijamuona.

Vumbi ni hivyo hivyo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995. Msumeno wa mkono nao unatoa vumbi, lakini nyingi ni chenga zinazoanguka miguuni, unafagia na kumaliza. Mashine inasaga laini zaidi, na unga ule unaelea, unaingia puani, unatua kwenye nguo za jirani zilizoanikwa. Mbao zetu nzuri ndizo zenye ukorofi: vumbi la mvule na mninga linajulikana kwa kuwasha pua na ngozi.

Mpaka hapa mashabiki wa msumeno wa mkono wanapiga makofi. Wangoje kidogo.

Fundi wa Keko, ambaye analipwa kwa kitanda na si kwa saa, hana Jumamosi ya kuchezea. Mteja amempa nusu ya pesa na anataka kitanda wiki ijayo kabla ya harusi. Ukimwambia huyu kwamba msumeno wa mkono una roho, amekusikia, lakini ada ya shule ya mtoto haina habari na roho. Ule utulivu ninaousikia mimi nikikata taratibu unawezekana kwa sababu mshahara wangu unatoka kwingine. Kwangu upole wa kazi ni starehe. Kwake ni njaa. Kwa hiyo anayehubiri msumeno wa mkono kama fadhila ya watu wote anafanya kitu cha ajabu: anachukua anasa yake na kuigeuza amri kwa wengine. Nimesoma makala nyingi za namna hiyo, hasa kutoka nchi ambako msumeno mmoja wa mkono wa kifahari unaweza kuuzwa kuliko mashine nzima.

Tena, historia ya msumeno wa mkono si ya upole. Mbao zilizojenga miji mingi zilipasuliwa na watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini shimoni, siku nzima, na aliyekuwa chini alikuwa akinyeshewa vumbi la kazi usoni. Kuna mtu anayetamani enzi hizo zirudi? Basi aanze yeye, na aanze shimoni.

Lakini hata hapo mambo hayanyooki. Mwaka 1768, kule Limehouse, London, umati wa wapasuaji wa mbao ulivamia kinu cha kupasulia mbao kwa upepo, mali ya mfanyabiashara Charles Dingley, na kukivunja. Ni rahisi kuwacheka kama watu walioogopa maendeleo. Ila sidhani kama walikuwa wakilipenda shimo. Walikuwa wakiuona mkate. Kinu kingeondoa taabu, na pamoja na taabu kingeondoa ujira, na hakuna aliyekuwa amewaambia faida ya ile kasi ingeingia mfuko wa nani. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga sheria kali dhidi ya wanaovunja vinu. Sheria ni msumeno, naam. Siku ile ilikata upande mmoja.

Wala msumeno wa mkono hauna usafi wa kimazingira unaodaiwa. Miti ya mkulo kwenye misitu ya Kilimanjaro na Usambara imekatwa na kupasuliwa kwa magendo kwa misumeno ya mikono, huko huko msituni. Ukimya wake, ambao kwangu ni heshima kwa jirani, kwa mwizi wa msitu ni kinga: askari wa misitu hausikii. Na misumeno mingi mipya ya madukani ina meno yaliyochomwa yakawa magumu mno, yale yenye ncha nyeusi au za bluu. Hayanoleki kwa tupa. Makali yakiisha, unautupa na kununua mwingine. Msumeno wa mkono wa kutupa! Mzee aliyezoea kukaa barazani na tupa yake akinoa jino kwa jino angeona huo ni mzaha.

Basi ukiuliza kifaa kipi ni chema, hupati jibu, kwa sababu wema haukai kwenye kifaa. Unakaa kwenye mgawanyo wa gharama. Mfano mzuri umetoka upande wa mashine zenyewe. Mwaka 1999 Mmarekani Stephen Gass, mwanafizikia na mwanasheria wa hataza, alibuni breki ya msumeno wa meza: diski ikigusa nyama mashine inahisi jinsi mwili unavyopitisha umeme, na ndani ya kama sehemu tano za elfu moja za sekunde inasimama. Alikuwa akionyesha kwa soseji badala ya kidole. Kampuni kubwa za mashine hazikuuchukua ubunifu wake, naye na wenzake wakaanzisha kampuni yao wenyewe, SawStop. Breki ikishafanya kazi inakufa, unanunua nyingine, na mashine zenyewe ni ghali. Mabishano ya miaka mingi yaliyofuata yalikuwa na mambo mengi, hataza ikiwemo, lakini kiini chake ni kilekile: kidole kikatike na mwenye kidole alipe, au bei ya mashine ipande na wote walipe kabla? Njia ya kuokoa kidole ilikuwepo. Kilichokosekana ni makubaliano ya nani afungue pochi.

Sasa nieleze ninavyofanya mimi, maana falsafa isiyoshika mbao ni maneno. Kukata nakata nyumbani, kwa mkono. Kupasua napeleka Keko, kwenye mashine, kama wafanyavyo mafundi wengi wadogo wasio na mashine zao: unabeba mbao zako, unapanga foleni, unapasuliwa na kupigwa randa kwa malipo, unarudi nazo begani au juu ya bajaji. Rafu nzima haina mikato mingi, mkono unaitosha. Mipasuo ndiyo inayovunja mgongo, na mashine moja inayohudumia watu wengi ina maana kuliko kila nyumba kununua yake ilale uvunguni.

Mtu mwenye akili ataniambia: dada, hujaondoa kelele, umeihamishia Keko. Sawa kabisa. Kuna kijana anasimama mbele ya diski ile kutwa, vumbi limemjaa nyusi, hana barakoa. Siku moja nilimuuliza, "Mdogo wangu, mbona huvai kitu?" Akanijibu bila kukasirika, "Dada, nikivaa joto linaniua, na nikisimama kupumua foleni inaondoka." Jibu hilo limebeba hoja kuliko vitabu vyangu vyote. Bei ninayolipa kwa mpasuo mmoja imewekwa na ushindani wa mashine zilizopangana pale, na ndani yake hamna pumzi zake wala masikio yake. Ni nafuu kwa sababu yeye anajazia kilichopungua.

Kwa hiyo mgawanyo wangu wa kukata na kupasua haunipi haki ya kujisifu. Unachonipa ni kwamba gharama ninaiona. Nesi ninamsikia akifungua mlango alfajiri. Kijana wa mashine ninamtazama usoni ninapompa pesa, na najua kwamba nikigombania shilingi mia tano, sigombani na mashine, nagombana na kifua chake. Kwa hiyo sigombanii. Ni kitu kidogo na hakitengenezi mapafu. Ila naamini tofauti kati ya gharama unayoiona na ile usiyoiona ndiyo mwanzo wa maadili ya kifaa chochote, iwe msumeno, gari au simu. Simu yangu ina watu wengi wa pili kuliko msumeno, na sijui uso wa hata mmoja.

Mwalimu Nyerere, alipozungumza na wakulima, mara nyingi aliwahimiza watoke kwenye jembe la mkono waende kwenye plau ya ng'ombe, wasingoje trekta. Wapo waliomwona mtu wa kurudi nyuma. Mimi naona alikuwa anauliza swali la kawaida sana: kifaa hiki tunaweza kukigharamia sisi wenyewe, na kikiharibika tutakitengeneza kwa mikono ipi? Plau inamkopa ng'ombe na chuma cha kijijini. Trekta linamkopa mtu wa mbali. Ukijua unamkopa nani, unajua pia utamlipa lini.

Kwa hiyo, msomaji, kama nawe vitabu vimekuzidi na unakwenda dukani, ushauri wangu ni huu. Nunua msumeno wa mkono wa kukatia unaonoleka, na tupa ya pembe tatu pamoja nao. Mipasuo mirefu peleka mashineni, na usimpunguzie bei yule kijana. Na kama kazi yako ni kubwa kiasi cha kuhitaji mashine yako mwenyewe, nunua, sina ugomvi nawe. Ila kabla hujaichomeka kwenye umeme, nenda ukagonge mlango wa upande wa pili wa ukuta, umuulize anayekaa pale analala saa ngapi.